Kiti cha Mkono wa Kuume

Bofu, Likoni
4 Agosti 1961

Kwa shemeji Dishon Wafula,

Pokea salamu zangu na za mavyaa, mama yake Boga. Mavyaa ameniamuru nikuulize kwanza kama huko Nairobi kumbikumbi wapo wa kutosha, au watu wenu wamekwisha kuwamaliza. Nimemwambia barua hii si ya utani. Akasema, "Andika tu. Mtoto yule akicheka atajibu upesi." Basi nimeandika.

Shemeji, tangu uhamishwe kutoka kiwanja cha ndege cha Changamwe, ulikofanya kazi na Boga, sina tena mtu wa kumwuliza. Nikienda langoni askari hunijibu kwa adabu kwamba mume wangu Boga hajulikani alipo. Neno hilo hilo, tangu Machi. Kama mtu aliyeuacha mwavuli wake wa mvua mahali na hakumbuki ni wapi.

Nimekwenda kwa Kadhi. Nilimweleza kuwa mume wangu alikuwa mfutaji wa vioo vya ndege za vita zinazoletwa na manowari, kwamba rubani alimpenda kwa kazi yake, na siku ile msoma ramani alipougua homa akampandisha Boga kwenye kiti cha pili waijaribu ndege. Na kwamba ndege ilianguka baharini mbele ya Tiwi, rubani akaokolewa, mume wangu hakuonekana, si yeye wala kitu chake. Kadhi akaniuliza, "Nani alimwona amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi mume wako ni mume wako. Ngoja."

Nangoja. Nikivua bangili, mavyaa hunivalisha tena kwa mkono wake. Nikizivaa, watu wa kisimani hunitazama mikono kisha hutazamana. Sijui mimi ni mke au mjane, na yote mawili yana adabu zake, nami siwezi kushika hata moja.

Nina maswali mawili. La kwanza, niandikie tena maneno ya rubani, neno kwa neno, maana wewe ulikuwepo.

La pili ni dogo, usinicheke. Asubuhi ile Boga aliniambia, "Simama uwanjani petu na leso yako ya kisutu, ile ya arusi. Nitamwomba bwana tupite Likoni, nikuone." Nilisimama. Ndege ilikuja, ikatuzunguka, nikapunga mpaka bega likaniuma. Sasa kaka yangu Mwidani, anayepakia mizigo gatini, amesikia kwa mabaharia kwamba kiti kile hakina kioo, na wao wenyewe hukiita shimo la makaa. Je, nilikuwa nikimpungia mtu aliyefungiwa gizani?

Mimi shemeji yako,
Mwanarehema


Nairobi
20 Agosti 1961

Kwa shemeji Mwanarehema,

Nimepokea barua na nimecheka, mwambie mama ameshinda. Mwambie pia kumbikumbi hutoka na mvua, na hapa mvua bado, kwa hiyo nala ugali kama mtu aliyefungwa.

Maneno ya rubani ni haya. Bwana Pask alipoletwa na helikopta nilikuwa karibu kama ninavyokaribia meza hii. Alisema injini zilizima. Akamwambia Boga kwa simu ya masikioni avute kishikio cha manjano kilicho juu ya kichwa, kile nilichomwonyesha mimi nilipokuwa nikimfunga mikanda. Ukikivuta, mfuniko huruka na kiti humrusha mtu nje, kisha mwavuli hufunguka. Bwana Pask akasema, "Niliuona mfuniko wake ukiruka. Alitoka kabla yangu." Mama alikuwa amesimama langoni, akaniuliza mzungu amesema nini, nikamfasiria hivyo hivyo.

Kwa hiyo shemeji, Boga alitoka. Mtu aliyetoka na mwavuli anaweza kuangukia popote. Usikate tamaa.

Kuhusu viti nitakueleza ili usisumbuliwe na maneno ya gatini. Rubani hakai katikati. Anakaa juu, upande wa kushoto, ndani ya kuba ya kioo, naye huona mbele na huku na huku. Msoma ramani anakaa kulia kwake lakini chini, ndani ya tumbo la ndege, na juu yake ni mfuniko wa chuma uliolala sawasawa na mgongo wa ndege. Kati yao kuna ukuta. Hawaonani, wanasikizana tu. Walikifanya hivyo kwa sababu msoma ramani anatazama kioo kidogo chenye mwanga wa kijani kinachomwonyesha meli ya adui ilipo, na mwanga ule hauonekani juani. Basi wakamwekea giza.

Kama kuna dirisha sikumbuki vizuri. Mimi nilikuwa nikiingiza mikono tu kufunga mikanda. Ndege hizo zikija tena nitatazama.

Wako,
Dishon Wafula


Bofu, Likoni
11 Novemba 1961

Kwa shemeji Dishon,

Salamu nyingi. Barua yako mavyaa aliniamuru niisome mara nyingi, na kila nikifika penye "alitoka kabla yangu" hunishika goti nisiendelee.

Tumerudi kutoka Vanga. Tulisikia huko kuna mwanamume aliyeokotwa majini tangu mwezi wa nne, hasemi, anakaa kwa watu anatengeneza nyavu. Mavyaa hakulala, si kwa wasiwasi, kwa kufunga mizigo. Alichukua shati jeupe la Boga, lile la Idi, akalipiga pasi akalifunga kwenye mkoba wa ukindu. Tulipanda basi hadi Msambweni, mbele tukaenda kwa lori la nazi, tumekalia nazi zenyewe. Mavyaa alikuwa akiimba. Shemeji, sijapata kumsikia akiimba hata arusini kwangu.

Nyumba tulionyeshwa. Mtu alikuwa ameketi ametupa kisogo, mabega ya Boga kabisa. Mavyaa akaniambia, "Ngoja, usimwite, nataka ageuke mwenyewe." Tukasimama. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine, mzee kuliko Boga, mtu wa Pemba. Na kusema anasema, ni kwamba hakuwa na la kuwaambia.

Mavyaa hakulia. Alifungua ukindu akampa lile shati. Nikamwambia, mama, hilo la Boga! Akasema, "Wacha. Huenda huko aliko mwanangu kuna mama naye ana shati."

Kila magharibi humpakulia Boga sahani yake na kuifunika kawa. Asubuhi twawapa kuku. Mwidani alikuja akaiona, akaninong'oneza, "Dada, rudi kwetu. Humu mnangojea kaburi lisilochimbwa." Mavyaa ana masikio. Akamwambia, "Ewe Mwidani, mpakizi wa magunia, dada yako ana mume. Wewe ndiye huna mke." Mwidani akaondoka amekasirika, na chai hakuimaliza.

Mimi nifanyeje? Mfuniko uliruka. Neno hilo lingekuwa dawa, lakini linanila.

Mwanarehema

Nimesahau kukwambia. Chemni ya taa, kile kioo chake, bado naifuta kama Boga alivyonifundisha, kwa kwenda moja, juu kwenda chini, bila kuzungusha. Alisema kioo cha ndege ukikizungusha kitambaa hubaki mikwaruzo ya duara, na jua likiipiga rubani haoni mbele. Nilimwambia taa yetu haina rubani. Akasema, "Mazoea, bibi."


Nairobi
2 Desemba 1961

Kwa shemeji,

Pole kwa safari ya Vanga. Nimemsomea barua yako Gershom, mwenzangu wa kazi, akaniomba nisiendelee. Sina neno jipya. Naomba mngoje kidogo, ndege za ile manowari zitakuja tena mwakani.

Alichotoka nacho ni mwavuli, usisahau hilo.

Dishon


Bofu, Likoni
19 Machi 1962

Shemeji Dishon,

Leo ni mwaka.

Asubuhi nilivaa nguo isiyo na rangi nikaenda kisimani. Mavyaa alikuja nyuma yangu na leso ya maua akanifunga mbele ya watu. Mwanamke mmoja akacheka, kisha akaona uso wa mavyaa akainamia ndoo yake.

Nimekwenda tena kwa Kadhi. Ni mtu mpole. Alisema, "Binti yangu, nikikuhukumia ujane naye akaja, nitakuwa nimekuoza kwa dhambi. Nikikuhukumia ndoa naye amekufa, nitakuwa nimekuzika naye. Niletee mwenye kuona." Nimtoe wapi?

Wallahi, nakuandikia neno ambalo sijamwambia mtu. Ikipita ndege naomba ianguke nayo, mtu wa pili afe na aonekane, nijue tu hufa vipi. Ona nilipofika. Namwombea mtoto wa mtu mauti.

Usinijibu kwa tumaini. Nina tumaini la kujaza pipa.

Mwanarehema


Nairobi
9 Juni 1962

Kwa shemeji,

Salamu. Hapa kuna baridi sana na watu wanavaa makoti. Ndege za manowari zimekuja kwa maonyesho, zitakaa kidogo. Kazi ni nyingi. Gershom anasalimu. Msalimu mama, na Mwidani pia.

Nitaandika.

Dishon


Bofu, Likoni
23 Juni 1962

Shemeji,

Barua yako imefika. Nimemsomea mavyaa. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Na barua iko wapi?"

Umeniandikia baridi na makoti. Ndege zimekuja, uliahidi kutazama, na umetazama. Mtu ambaye hajatazama angeandika hajatazama.

Boga alikuwa hivyo. Alipopasua bakuli la arusi alikaa jioni nzima akinisifia mchuzi.

Nimekuuliza mambo mawili tangu mwaka jana. Wanaonificha habari wamekuwa wengi, na wote wana huruma. Naomba wewe usiwe na huruma. Niandikie.

Mwanarehema


Nairobi
1 Julai 1962

Kwa shemeji Mwanarehema,

Nisamehe ile barua. Nitakuandikia yote, na tafadhali isome peke yako kwanza.

Nilipewa kazi ya kufuta vioo vya ndege ya aina ile ile. Nilipokuwa kwenye ngazi nilijiambia, Dishon, kaa. Nikaingia kiti cha rubani. Nikajifunga mikanda yote, nikavaa kofia ngumu, nikafunga kioo juu yangu. Nikamwambia Gershom asimame juu ya ndege aufungue mfuniko wa kiti cha kulia na kuufunga, kwa wakati wake, nami nimwambie nilichoona.

Nilikaa. Nikageuza kichwa kulia mpaka shingo ikauma. Niliona bawa, niliona nyasi na lile jengo la zimamoto. Baadaye Gershom akapiga kelele, "Haya, nimefanya nini?" Nikamwambia, "Bado hujafanya kitu." Akasema, "Wewe Wafula, nimefungua na kufunga mpaka mikono imenichoka!"

Tulirudia. Mfuniko uko chini na nyuma ya bega, na mikanda haikuachii kugeuka. Shemeji, rubani hawezi kuuona.

Nilikuwa ningali nimekaa mle nikasikia mtu chini kwa Kiingereza, "Unafanya nini kwenye kiti hicho?" Nikatazama. Bwana Pask. Harushi ndege tena, mgongo uliumia siku ile, sasa anasimamia mafundi tu. Amekonda.

Nikamwambia, "Natafuta mfuniko, bwana."

Alinitazama. Akasema, "Wewe ndiye uliyemfunga mikanda."

"Ndiye mimi."

Alipanda ngazi polepole, akiushika mgongo, akasimama karibu nami. Gershom akataka kuondoka, yeye akamwashiria abaki. Akaniuliza, "Unauona?" Nikasema hauonekani. Akasema, "Hapana. Hauonekani."

Nikamwuliza aliona nini siku ile. Akasema hivi, na ninakuandikia neno kwa neno kama ulivyotaka mwaka jana:

"Nilimwambia avute. Akajibu, ndiyo bwana. Nikamwambia tena. Akajibu, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Sikuiona mikono yake, kuna ukuta. Nilidhani anavuta. Maji yalikuwa karibu, nikatoka. Nikiwa kwenye mwavuli nilitazama chini. Tundu moja tu ndilo lilikuwa wazi, langu. Mfuniko wake ulikuwa umefungwa, jua liliupiga ukang'aa. Ndege iliingia majini hivyo hivyo, ikazama, na hakutoka mtu."

Nikamwuliza, kwa nini basi ulisema uliuona ukiruka? Akasema, "Yule mama alikuwa langoni. Alikuwa amebeba chakula."

Ni kweli, shemeji. Mama alikuwa na bakuli la Boga limefungwa kwa kitambaa. Nilikuwa nimesahau.

Kama Boga alivuta kikakataa, au hakukipata kishikio gizani, hakuna ajuaye, na mimi sitakutungia. Nilimwonyesha vizuri. Alikishika, akaniambia, "Manjano kama embe dodo, nani atakikosa?" Basi.

Nilimwambia Bwana Pask kuhusu Kadhi, na kuhusu wewe kuvua bangili na kuvalishwa. Akauliza Kadhi anakaa wapi. Manowari itarudi Kilindini mwezi huu. Amesema atakwenda mwenyewe aseme kwa kinywa chake, hata wakubwa wake wakichukia.

Sasa swali lako la pili. Nilihamia kiti cha kulia, Gershom akanifunga mfuniko. Ni giza kweli, kama stoo. Lakini kuna dirisha, shemeji. Liko ubavuni mkono wa kulia, dogo kama sahani ya kikombe cha chai. Ndege ikiwa imekaa sawa huoni la maana, ni anga tupu na ncha ya bawa. Ndege ikilalia kulia, dirisha lile hutazama chini moja kwa moja, na kilicho chini kitaonekana chote. Ikilalia kushoto, hutazama juu mawinguni.

Nilimwuliza Bwana Pask alipozunguka Likoni alipinda upande gani. Alifikiri sana. Hakumbuki. Akasema marubani wa ndege hii hupinda kushoto, maana ndiko wanakoona. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini umesema nisiwe na huruma.

Dishon


Bofu, Likoni
14 Septemba 1962

Kwa shemeji yangu Dishon,

Nimekawia. Nilikuwa sina mkono wa kuandikia.

Bwana Pask alikuja. Mwidani alimngojea gatini, wakaenda pamoja mjini kwa Kadhi, nasi tulikuwa tumetangulia. Sikuwa nimemwambia mavyaa lolote. Barua yako niliificha kwenye unga. Nilimwambia tu kwamba rubani anakuja, akajipaka hina.

Kadhi alimwambia mzungu aketi. Mwidani akafasiri, "Asema hawezi, mgongo." Akasimama akishika kofia, akasema yote, nusu nusu, Mwidani akifasiri kila kipande. Nilikuwa nikimtazama mavyaa. Palipofika "umefungwa, jua likaupiga ukang'aa," Mwidani alinyamaza. Kadhi akamwambia, "Fasiri, kijana. Ndilo ulilojia." Akafasiri.

Mavyaa akasema, "Mwulize, mbona aliniambia alitoka?" Mzungu alijibu huku akitazama chini. Mwidani akasema, "Asema ulilishika bakuli, mama. Hakuweza."

Mavyaa akasema, "Ilikuwa mihogo ya nazi. Mwambie ningempa yeye, naye alikuwa na njaa."

Mwidani hakufasiri hilo. Alikuwa analia, yeye mpakizi wa magunia.

Kadhi akahukumu kwamba Boga amekufa siku ile ya Machi. Ijumaa akasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo. Nikamwambia Kadhi, sasa nitakaa eda, kwa heshima yote, miezi minne na siku kumi, nipe tu ruhusa nianze leo. Shemeji, nilikuwa nimeitamani kama mwenye kiu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua pembe ya chumba.

Kadhi alinitazama sana. Akasema, "Binti yangu, eda huanza siku mume anapokufa, si siku mke anapopata habari. Yako ilianza Machi mwaka ule. Imekwisha zamani."

Nikamwuliza, ilikwisha lini? Akahesabu kwa vidole. Ilikwisha kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Nimeimaliza eda ya mume wangu nikiwa nimevaa leso za maua na bangili, nikienda langoni kuulizia habari. Imepita bila mimi. Kadhi akasema sina dhambi, sikujua. Ni kweli. Lakini sikumlilia, na sasa hata pa kuketi nimlilie sina.

Tulirudi kwa feri. Mavyaa akajifungia chumbani siku nyingi, ananiambia mimi na wewe na mzungu sote waongo, na mwaka huu waongo ni wengi, hata magazeti. Akaendelea kupakua sahani. Nilipomwambia, mama, Kadhi amehukumu, alisema, "Kadhi hakumzaa."

Ndipo siku moja mchana nikaitoa barua yako kwenye unga nikamsomea ile sehemu ya mwisho, ya dirisha. Sikuwa na nia ya kumshawishi. Nilikuwa na uzito, nikataka mtu wa kunisaidia kuubeba. Nikamwambia, nilipunga bure, mama. Marubani hupinda kushoto. Boga aliona mawingu.

Mavyaa alikuwa ameketi uwanjani kwenye mbuzi yake, anakuna nazi. Akaacha. Akasema, "Walipinda wapi?"

"Kushoto."

"Nani kasema?"

"Rubani hakumbuki, mama. Asema ndivyo wanavyofanya."

"Simama pale," akasema. "Pale pale uliposimama. Kalete kisutu."

Nikakileta. Nikasimama. Siku ile ndege ilitokea upande wa Kilindini, ikapita, ikaanza kutuzunguka, nami nilikuwa nikigeuka nayo ili isinipotee, mikono juu. Mavyaa siku ile alikuwa ameketi papo hapo, kuumeni pangu, juu ya mbuzi hiyo hiyo. Kushoto kwangu ni ukuta wa jiko. Sasa nikaanza kugeuka kama nilivyogeuka siku ile, mwili ukakumbuka wenyewe, shemeji, na kabla sijafika robo kisutu kikampiga mavyaa shavuni.

Akapiga kelele, "Hivyo! Ulinipiga hivyo hivyo! Machicha yakamwagika, nikakutukana!"

Na kweli alinitukana. Aliniita punda wa arusi. Nilikuwa nimesahau kama wewe ulivyosahau bakuli.

Nikaketi chini. Nikachora mchangani kwa kidole, ndege na mimi katikati, nikarudia kuchora kwa sababu sikujiamini. Anayegeuka kuume akiifuata ndege iliyomzunguka, ndege hiyo inapinda kuume. Haiwezi kuwa vingine. Kama ingepinda kushoto ningegeukia jikoni, na mavyaa asingepigwa. Bwana Pask alipinda upande asioona, upande wa Boga. Boga lazima alimwomba, naye akamfanyia. Mwambie hilo ukimwona. Mwambie mama wa marehemu anasema asante kwa kuume.

Mavyaa alikuwa ameshika shavu. Akasema taratibu, "Basi alituona. Wewe na mimi."

"Alituona, mama."

"Aliniona nikipigwa na leso."

Nikasema, aliona. Akaanza kucheka, mikono ina nazi, akasema, "Atakuwa alicheka huyo, atakuwa alicheka peke yake mle ndani, mjinga yule," na kicheko kikageuka katikati, kikawa kile kilio nilichokingoja mwaka na nusu. Majirani wakaja. Nami nikapata pa kuketi.

Tulifanya hanga, matanga ya siku tatu, bila kaburi. Mwidani alichinja mbuzi. Nyumba sijaihama, na nikihama nitakwambia.

Jana magharibi mavyaa aliitoa sahani ya Boga rafuni. Nikajua atapakua. Aliiosha, akachukua kitambaa akaifuta, kwa kwenda moja, juu kwenda chini, bila kuzungusha. Kisha akaniwekea mimi chakula humo.

Shemeji yako,
Mwanarehema, mjane wa Boga